Kalkuleta ya elfu 28 karibu na Jamatini, nimeipima kwa namba moja tu

Niseme mapema hii siyo tangazo, sijapewa hata soda. Mi ni mwalimu wa tuisheni hapa Dodoma, jioni nafundisha hesabu vijana wa fomu faivu na siksi huku Nkuhungu, na kila shule zikikaribia kufungua napata meseji zile zile, ticha tununue kalkuleta gani, ticha hii ya elfu kumi ina shida gani, ticha mama anasema simu inatosha. Kwahiyo naandika mara moja halafu nitakuwa nawatumia hii hapa. Na nasema kalkuleta makusudi, maana mji huu ukitamka tu neno kikokotoo mtumishi aliyekaa jirani anageuka sura imebadilika anajua unaongelea mafao yake.

Habari yenyewe inaanzia kwenye kalkuleta nyingine, ya mwaka jana. Nilinunua kwa jamaa anayetembeza, jua la saa nane, amebeba boksi limejaa, na mfuniko una jina linalofanana na lile jina kubwa ila ukisoma taratibu kuna herufi moja imehama. Elfu tisa. Nilijua kabisa ni feki ila nikajiambia kujumlisha ni kujumlisha, itakosea nini. Wiki mbili za kwanza ikawa poa. Sasa siku hiyo tupo kwenye vigawo, nikawaambia vijana bonyezeni SHIFT halafu kile kitufe cha nyuzi, dakika na sekunde, juu yake kimeandikwa FACT, mashine itawavunjia namba ziwe namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe. Wao zao zikavunja, yangu ikaleta nyuzi na dakika. Nikabonyeza tena, nyuzi na dakika. Yale maandishi ya FACT yalikuwa rangi tu, wamechora kwa juu wakaishia hapo, ndani hamna kitu! Darasa lilicheka mpaka wa nje wakachungulia dirishani, na kuna binti mmoja mpaka leo akiniona na kalkuleta yoyote ananiuliza "ticha, hiyo imechorwa au ni yenyewe?"

Toka siku hiyo sinunui bila kupima, na kupima kwangu ni namba moja.

Duka lenyewe ni steshenari ndogo, kama dakika tano kwa mguu kutoka stendi ya Jamatini, lina mzee na kijana wake. Nimeingia, shikamoo mzee, marahaba, akaniongezea na mbukwa, salamu ya Kigogo, nikamuuliza kalkuleta za sayansi akatoa tatu. Nikamwambia mzee wangu naomba niijaribu kabla sijalipa. "Jaribu mwalimu," (alishaona chaki kwenye suruali) "mbili jumlisha mbili, itakupa nne." Hapana mzee, mi nina namba yangu.

Nikabonyeza 2, kipeo 32, jumlisha 1, sawasawa. Ikatoka 4294967297. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Tarakimu 10, yani ndo mwisho wa skrini, zile ndogo za tarakimu 8 hata kuiandika haiingii. Halafu SHIFT, FACT. Ikavuta pumzi kidogo, ikaandika

641×(6700417)

Nikasema hii naichukua. Mzee akashangaa nimeridhika na nini, akavuta ile kalkuleta yake kubwa ya mezani, ile ya tarakimu 12 ya kupigia hesabu za duka, akaandika namba yote akanisomea kwa sauti ahakikishe, akagawa kwa 641, ikatoka 6700417 kavu, hakuna nukta wala nini. "Kumbe inagawanyika," akasema, kama mtu aliyeambiwa jirani yake ana ndugu Kondoa.

Inagawanyika ndiyo, na kulikuwa na mtu mkubwa sana aliyeamini haigawanyiki.

Mwaka 1640 kuna Mfaransa anaitwa Fermat, kazi yake mwanasheria, hesabu ilikuwa mapenzi yake ya jioni, aliangalia namba za aina moja: chukua 2, iweke kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, kila mara unazidisha kipeo mara mbili, halafu ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tasa, hamna inayogawanyika. Akaona hii ni kanuni, zote zitakuwa tasa milele. Inayofuata ni kipeo cha 32, ndo hii yetu, 4294967297, na hiyo hakuivunja. Ikakaa hivo karibu miaka mia. Mwaka 1732 Mswisi Euler, wakati huo yuko St. Petersburg Urusi, umri miaka 25 tu, akasema jamani hii ina 641 ndani. Kanuni ikafia namba ya sita. Na kinachochekesha zaidi, zilizofuata zote ambazo watu wameweza kuzikagua hazijatoa tasa nyingine hata moja, zile tano za Fermat ndo zile zile mpaka leo. Yani mzee wa watu alikutana na tano zote zinazojulikana mpaka leo kwenye orodha yake, akajua mkondo unaendelea, kumbe huenda alishamaliza mto.

Ndo maana naipenda hii namba kupimia mashine. Siyo namba niliyojitungia, ni namba iliyomshinda mtu mzima.

Sasa vijana wangu wanauliza, ticha huyo Euler aliijuaje 641 bila kalkuleta, alijaribu zote? Ukijaribu zote kwa kufuata foleni, 2, 3, 5, 7, 11, ukifika 641 umeshagawa mara 116, maana 641 ni namba tasa ya 116. Tarakimu kumi kwa mkono mara 116, na kalamu ya wino, baridi ya Urusi. Hizi za mwanzo unaweza kuruka kwa mbinu za darasani, jumlisha tarakimu zake unapata 59, haigawanyiki kwa 3 inabaki 2. Ukitaka 7, 11 na 13 kwa mpigo katakata kwa tatu tatu kutoka kulia, 297 toa 967 jumlisha 294 toa 4, unapata hasi 380, na 380 haigawanyiki kwa 7 wala 11 wala 13, zote tatu zimetoka. Lakini hiyo ni tatu kati ya 116.

Euler hakufuata foleni. Alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii lazima kikigawiwa kwa 64 kibakize 1. Basi. Foleni inakatika hapo hapo. Anza 65, ongeza 64, 129, ongeza 64, 193, endelea: 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa ambazo zenyewe siyo tasa (65 ni 5 mara 13, 129 ina 3 ndani, 321 vile vile, 385 inaishia na 5, 513 ina 3), unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Tano! Ya kwanza inabakiza 109, ya pili inabakiza 2, ya tatu 325, ya nne 288, ya tano haibakizi kitu. Sasa we fikiria, Fermat mwenyewe ndo aliyegundua ile kanuni ya vipeo inayofungua huu mlango, angekaa chini akagawa mara tano tu kabla hajalala, historia ingekuwa nyingine. Mimi hapa huwa nawaambia wanafunzi wangu wasimcheke maana wao wenyewe hawahakiki majibu, ila moyoni nacheka kidogo.

Na unaweza kuthibitisha bila kuandika namba kubwa kabisa, hii nawafanyiaga ubaoni huwa wanatulia. Kipeo cha 16 cha 2 ni 65536. Gawa kwa 641, inaingia mara 102 inabaki 154. Tunataka kipeo cha 32, ambacho ni 65536 mara yenyewe, basi chukua baki tu, 154 mara 154 unapata 23716. Sasa 641 mara 37 ni 23717. Umeona? Imepungua moja tu. Na sisi tuna ile moja ya kuongeza. Ongeza, inajaa, imegawanyika. Namba ya bilioni nne imemalizwa na mahesabu ya kuuza nyanya.

Kwa wale wa fomu siksi wanaopenda za juu juu kidogo: 641 ni 640 ongeza 1, na 640 ni 5 mara 128. Pia 641 ni 625 jumlisha 16, yani 5 kipeo cha 4 jumlisha 2 kipeo cha 4. Hizo sura mbili zikikutana ndo zinaua ile namba, kaeni nazo na daftari, sitawamalizia.

Turudi kwenye mashine. Nimeipa elfu 28 (bei ya kuandikwa ilikuwa 30, mzee kapunguza baada ya yale ya 641, nadhani aliniona mgonjwa akanihurumia) na nimekaa nayo miezi minne sasa. Kubwa kuliko yote nataka niongelee yale mabano. MAGAZIJUTO tunafundishwa mabano kwanza, na kwenye hii mashine nayo mabano ndo ya kuangaliwa kwanza.

Mashine inajaribu namba tasa za chini ya 1000 peke yake, ziko 168. Ikishazimaliza, kile kilichobaki kama ni kidogo inakuambia ni tasa, kama ni kikubwa inakifungia kwenye mabano maana yake hiki sijui. Mpaka uko wapi? Upo 1018081. Ukishajua sababu huwezi kuusahau: namba tasa ya kwanza baada ya 1000 ni 1009, na 1009 mara 1009 ni 1018081. Chochote cha chini ya hapo ambacho hakina kigawo cha chini ya 1000 hakiwezi kuwa na vigawo viwili vya juu, havitoshi kuingia humo, basi ni tasa kwa uhakika. Nikaipima: 999983, ambayo ni namba tasa kubwa kuliko zote chini ya milioni, ikaiandika bila mabano. 1018081 ikaiweka kwenye mabano. Sawa kabisa, pale pale kwenye mpaka.

Sasa tatizo. Boksi lenyewe lina kikaratasi cha maelezo cha kukunja mara kumi, maandishi saizi ya siafu, na vijana hawasomi. Wanaona mabano wanadhani maana yake ni "hii ni tasa". Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mkali tu, kaniletea kazi kaandika (1018081) ni namba tasa kwa sababu kalkuleta imegoma kuivunja. Nikamwambia andika 1009 bonyeza kipeo cha pili. Akaandika. Akaniangalia. Akabonyeza tena. Halafu akaanza kugomba na mashine siyo na mimi, "sasa we si useme!" Nikamwambia ilisema, ndo maana ya mabano. Na ukiipa 2147483647, ambayo ni tasa kweli kweli na Euler huyo huyo alishaithibitisha 1772, nayo inaiweka kwenye mabano vile vile. Kwahiyo ya kweli na ya uongo zinavaa nguo moja. Wangeweka hata kialama cha kuuliza. Nimekata nyota moja hapo, na nusu ya hiyo nyota ni ya kile kikaratasi.

Mnaotaka kujua ile 6700417 ya kwenye mabano, ni tasa au imefichwa tu? Ni tasa. Na hapa ndo nilifurahi na nafsi yangu kuliko siku zote za mwezi ule, maana nilikuwa kwenye daladala foleni imesimama sina cha kufanya. Kipeuo chake cha pili ni 2588 na pointi, kwahiyo ingekuwa na kigawo basi kimoja kiwe chini ya hapo. Na kigawo chake ni kigawo cha ile namba kubwa, lazima nacho kibakize 1 kwa 64. Mashine ilishamaliza zote za chini ya 1000. Kutoka 1000 mpaka 2588 namba tasa zinazobakiza 1 kwa 64 ni 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Tano tena! Nikagawa moja moja, zote zikatoa nukta na vijidesimali, nimefika Nkuhungu nimemaliza. Dada aliyekaa pembeni alidhani napiga hesabu ya kikoba akaniuliza mnagawana lini.

Kipimo kingine kwa mtu asiye na kitufe cha FACT, hiki unaweza kukifanya hata kwenye simu: 65536 kipeo cha pili jumlisha 1 kipeo cha pili, unapata ile ile 4294967297, hiyo inaeleweka. Lakini jaribu na 62264 kipeo cha pili jumlisha 20449 kipeo cha pili. Ile ile. Mpaka tarakimu ya mwisho. Na hiyo 20449 yenyewe ni 143 kipeo cha pili, hilo mi lilinikuta ghafla nikakaa kimya. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti, njia ni moja au hamna, kwahiyo ukishaona njia ya pili umeshajua siyo tasa hata kabla hujakijua kigawo chake. Kalkuleta ya elfu tisa ile ya kuchorwa hapa nayo ilifaulu, nisiionee, kwenye kuzidisha haikuwa na shida.

Mambo mengine ya mashine haraka haraka. Vitufe viko imara, havijaanza kubonyea, ila kile cha sawasawa kina kelele, darasa zima likibonyeza pamoja ni kama mvua ya kwanza kwenye bati. Kava ni la kuteleza siyo la kufungua, jema sana kwa vumbi la hapa, Agosti upepo ukiamka unajua mwenyewe, mashine zisizo na kava zinakaa na mchanga chini ya vitufe mpaka 7 inagoma. Sola inafanya kazi darasani na taa moja. Betri sijabadilisha. Skrini ukiiangalia kwa pembeni juani huoni kitu.

Namba ikizidi tarakimu 10 inaanza kukata. Jaribu 2 kipeo 64 jumlisha 1, namba ya Fermat inayofuata, inakupa 1.844674407 mara kumi kipeo 19 na ile moja uliyoongeza imeshapotea zamani. Namba kamili ni 18446744073709551617, ukizihesabu ni tarakimu 20, sawa na tokeni ya LUKU. Kwahiyo ile unayobonyeza kwenye mita usiku wa giza na tochi mdomoni ni namba ambayo hii kalkuleta haiwezi kuionyesha nzima. Siyo kosa lake, bei ndo hiyo. Na hapo FACT haikubali kabisa, mwisho wake ni tarakimu 10. Hiyo kubwa nayo inavunjika, Mfaransa anaitwa Landry aliivunja 1880, 274177 mara 67280421310721, na babu alikuwa na miaka 82. Kuna watu wanastaafu vizuri.

Wa fomu foo msikimbilie, mtihani wenu wa Basic Mathematics hauruhusu kalkuleta, mtabaki na vitabu vya majedwali. Hii ni ya Advanced, kule inaruhusiwa mradi siyo ya kuprogramu, na hii siyo ya kuprogramu.

Huduma. Risiti ya EFD nimepewa bila kuomba, hilo nalisema kwa sababu siyo kawaida ya kila duka. Garantii ya miezi sita kaandika kwa mkono nyuma ya risiti akagonga muhuri. Mwezi wa pili kijana wangu mmoja aliyenunua hapo hapo kalkuleta yake ilizima, akairudisha, mzee akaifungua kwa bisibisi ya miwani mbele yake, waya wa sola umetoka, akachomelea, dakika ishirini, hela hakuchukua. Ila ukienda mchana kati ya saa saba na saa tisa utamkuta kijana peke yake na yeye yupo kwenye simu, utasalimia mara mbili.

Wiki iliyopita nimepita pale kununua rimu ya karatasi, nikakuta mzee kaandika kwa maka nyekundu kwenye kipande cha boksi, kaweka mbele ya kalkuleta zote: PIMA KWANZA 4294967295. Nikasoma mara mbili. Saba ya mwisho imekuwa tano. Kanihakikishia wateja wanapima na mashine zinavunja vizuri sana, "tena inatoa nyingi kuliko yako mwalimu." Nikachukua moja nikabonyeza. 3×5×17×257×65537. Bila mabano hata moja.

Nikacheka mwenyewe pale dukani, maana mzee bila kujua kazikusanya zile tano za Fermat zote kwenye boksi moja. Ukizizidisha zote unapata namba iliyo mbili nyuma ya ile iliyomwangusha, na ndo maana 4294967297 ukiigawa kwa yoyote kati ya hizo tano inabakiza 2 kila siku (kumbuka ile 257 hapo juu). Na ile 17 iliyomo kwenye hizo tano ndo ya mwanahisabati Gauss wa Ujerumani, mwaka 1796, ana miaka 18, alipoonyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari tu, kumbe siri ilikuwa humo. Kijana wa duka yeye aliijua hiyo namba kwa njia yake, akanyanyua macho kwenye simu akasema hiyo si ndo ile ya flashi? Nikamuuliza flashi gani. Anawekea watu muvi jioni, na flashi zile za mfumo wa zamani wa FAT32 zinakataa faili likizidi baiti 4294967295, hata kama nafasi ipo kibao, muvi ya GB 5 haiingii mteja anaanza kelele. Kasema kweli kabisa, na nimemfundisha mwaka mzima mdogo wake hesabu sikuwahi kuwaza huo mfano.

Mzee akauliza airekebishe? Nikamwambia iache, ongeza na ya pili chini yake. Kaandika 4294967297 pale pale, safari hii nikamsomea tarakimu moja moja. Kalkuleta zilikuwa zimebaki nne, na ile iliyokuwa kwenye maonyesho ina mkwaruzo kwenye skrini, msikubali wawape hiyo kwa elfu 28.